TAHARIRI: Keki ya Oktoba hailipi kodi ya nyumba ya mchungaji

Kila ifikapo mwezi wa Oktoba makanisa mengi ya hapa Marekani huadhimisha mwezi wa kuwashukuru wachungaji, desturi iliyoenea tangu miaka ya 1990. Makanisa yetu ya Kiswahili nayo yameipokea kwa mikono miwili. Jumapili hiyo kwaya huimba wimbo maalumu, kina mama humvisha mama mchungaji kitenge kipya, mzee wa kanisa husoma risala ndefu, keki hukatwa, picha hupigwa na kutumwa hadi Moshi, Kisumu na Bukavu. Ni jambo jema, wala hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni wa Jumatatu inayofuata, pale mchungaji huyo huyo anapoamka saa kumi alfajiri kwenda kupakia mizigo ghalani, kwa sababu usharika uliomkatia keki haujawahi kumpa mshahara unaotosha kodi ya nyumba.

Tunalotaka kusema leo si jipya. Kila usharika wa Kiswahili, uwe Houston, Louisville, Reading au Kibaha, unapaswa kuwa na karatasi iliyoandikwa na kutiwa saini, inayosema mchungaji analipwa nini, anapumzika lini, na familia yake itaishije akiugua au akifa. Pasipo karatasi hiyo, mapenzi yetu kwa mtumishi wa Mungu yanaishia kwenye risala. (Ndugu zetu Waislamu wasiondoke, wakifika katikati ya tahariri hii huenda wakamwona humu ustadhi wa madrasa ya mtaani kwao.)

Tuanze na kazi yenyewe, maana wapo wenzetu nyumbani wanaodhani mchungaji wa Marekani anaishi raha mustarehe. Mchungaji wa Waswahili ughaibuni hahubiri tu. Mgeni akifika uwanja wa ndege bila mwenyeji, anapigiwa yeye. Mama aliyelazwa akashindwa kuelewana na daktari, mkalimani ni yeye. Kijana amekamatwa na polisi, mume na mke wamerushiana maneno hadi jirani kaita askari, barua ya Uhamiaji imekuja na hakuna anayeielewa: wote hodi ni kwa mchungaji. Ukitokea msiba ndiyo usiseme. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, yeye ndiye anayezungumza na nyumba ya maiti, yeye anahesabu rambirambi za kusafirisha mwili, na yeye anapatanisha ndugu wanaogombana kama marehemu azikwe huku au kwao. Kisha Jumapili apande madhabahuni na neno jipya.

Na simu za nyumbani hazijui saa. Saa nne asubuhi ya Dar es Salaam ni saa nane usiku wa Minneapolis wakati wa kiangazi. Mtu anayepiga amekwisha kunywa chai. Anayepokea ana saa mbili tu za usingizi zilizobaki kabla ya zamu yake kazini.

Kwa wachungaji Wakongo mzigo huo una uzito wake wa pekee. Wengi wao walikuja kama wakimbizi, baadhi baada ya miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yao walitoka Kongo, idadi kubwa kuliko ya taifa lingine lolote. Mchungaji aliyekuja katika mkondo huo ameyaona yale yale waliyoyaona waumini wake: amekimbia, amezika ndugu, ameacha wengine nyuma. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha mpango wa kupokea wakimbizi, familia zilizokuwa zikingoja mume, mama au mtoto ziliachwa zinaning'inia. Zilikwenda kulia wapi? Kwa mchungaji, ambaye huenda naye ana dada yake kambini.

Sasa tuje kwenye fedha, mahali ambapo wazee wa kanisa huanza kukohoa.

Yako makanisa yetu yanayomwita mchungaji kutoka nyumbani kwa viza ya wahudumu wa dini, ile inayoitwa R-1. Viza hiyo ina kikomo cha miaka mitano. Kanisa ndilo linaloomba, na katika maombi hayo kanisa hueleza kwa maandishi namna litakavyomtunza mtumishi wake. Akiwa na viza hiyo haruhusiwi kwenda kufanya kazi nyingine pembeni. Mke wake na watoto huja kwa viza ya R-2, na mke huyo haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara hata siku moja. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Usharika unaposema "Baba mchungaji, mwezi huu sadaka haikukaa vizuri, tuvumiliane", unamwambia mtu asiye na njia nyingine yoyote ya halali ya kulisha wanawe. Akikaa kimya analala njaa. Akiendesha teksi usiku anavunja sheria na kuhatarisha makaratasi ya familia nzima. Na kanisa lililotia saini kwamba litamlipa linatembea vifua mbele.

Hata kwa mwenye uraia au kibali cha kudumu, mambo mengi huharibika kwa kutojua. Sheria ya kodi ya Marekani inampa mhudumu wa dini nafuu kubwa: sehemu ya mshahara iliyotengwa kwa ajili ya nyumba haitozwi kodi ya mapato, ilimradi kanisa liwe limeitenga rasmi kabla ya kuilipa, fedha yenyewe itumike kweli kwa nyumba, na isizidi thamani ya pango la nyumba hiyo. Muhtasari wa kikao cha wazee unaweza kutosha. Ni kurasa mbili za kuandika, lakini ni sharika ngapi zimeandika? Upande wa pili wa sheria hiyo hiyo ni mchungu. Kwa mchango wa pensheni ya serikali, Social Security, mchungaji huhesabiwa kama mtu aliyejiajiri, hivyo asilimia 15.3 yote ni yake, na fungu la nyumba nalo linahesabiwa humo. Wapo watumishi walioambiwa "pokea hii bahasha, Mungu akubariki", wakaishi miaka kumi wakidhani sadaka ya bahasha haina kodi, kisha barua ikaja. Na mtu aliyelipwa kwa bahasha maisha yake yote, siku ya kustaafu anakuta hana alichochangia, kwa hiyo hana cha kudai.

Kuna takwimu inayozunguka katika mahubiri na semina kwamba wachungaji 1,500 huacha kazi kila mwezi Marekani. Tusiirudie. Taasisi ya Lifeway Research ilipowahoji wachungaji 1,500 wa makanisa ya kiinjili na ya Wamarekani weusi mwaka 2015, ilikuta wanaoiacha kazi hiyo ni takriban asilimia 1 kwa mwaka. Kwa maoni yetu tarakimu zilizobaki katika uchunguzi huo zinatisha zaidi, maana zinahusu wale wanaobaki: asilimia 84 walisema wako kazini saa 24, asilimia 54 walisema kazi huwaelemea mara kwa mara, na asilimia 53 walisema mara nyingi wana wasiwasi juu ya usalama wa fedha wa familia zao. Baada ya ugonjwa wa Uviko, taasisi ya Barna iliripoti mwaka 2022 kwamba asilimia 42 ya wachungaji wa Kiprotestanti walikuwa wamefikiria kuacha huduma ya muda wote ndani ya mwaka mmoja. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipowapima wachungaji wa Methodisti wa North Carolina mwaka 2008, walikuta asilimia 8.7 wana dalili za sonona, wakati kwa Wamarekani wote kiwango kilikuwa asilimia 5.5. Wengi wa hao ni watu wa nchi hii, wanaojua lugha yake na ofisi zake. Wa kwetu anabeba hayo yote, kisha aongeze na ya ugeni.

Tumemtaja mke wa mchungaji kwa upande wa viza, lakini habari yake haikuishia hapo. Katika makanisa yetu mama mchungaji ni mwajiriwa ambaye hakuajiriwa. Anatarajiwa aongoze umoja wa wanawake, afundishe shule ya Jumapili, apike kila mgeni anapokuja, afike kila msiba wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Akivaa vizuri, anakula sadaka. Akivaa vibaya, anamwaibisha mtumishi. Akiwa na rafiki mmoja kanisani, ana upendeleo. Asipokuwa na rafiki, anajisikia. Hapa ughaibuni, ambako hana mama yake wala dada zake wa kumwendea, tunataka amweleze nani kwamba amechoka? Akimweleza muumini, kesho iko kwenye simu za watu, na keshokutwa imefika Arusha.

Na watoto je! Mtoto wa mzee wa kanisa akitoboa pua ni ujana. Wa mchungaji akifanya hivyo kinaitishwa kikao. Watoto hawa wanakua wakiona baba anaondoka mezani kila simu ikilia, likizo inaahirishwa kwa sababu kuna kesha, na fedha ya viatu vya shule imempa muumini aliyekwama. Wanasikia pia baba yao anavyosemwa, kwa kuwa watu wazima husahau kwamba mtoto aliyekaa kiti cha nyuma cha gari anajua Kiswahili. Kisha tunashangaa wakifika chuo hawataki kuona mlango wa kanisa lolote.

Wasomaji wetu wa nyumbani watasema haya si ya ughaibuni peke yake, na watakuwa wamesema kweli. Anayejua maisha ya usharika wa kijijini Tanzania anamjua mchungaji mwenye mitaa mitano au sita, anayeizungukia kwa pikipiki wakati wa masika, akisaidiwa na wainjilisti ambao posho yao ni ndogo kuliko yake. Kipato cha usharika kinategemea mavuno. Mwaka wa mvua, mnada wa baada ya ibada unachangamka, kuku na mkungu wa ndizi vinanunuliwa kwa bei ya kushindana. Mwaka wa ukame kuku yule yule hana mnunuzi. Kenya ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020 na kuzifungua Julai kwa watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja, wachungaji wengi wa makanisa madogo ya mitaani walibaki bila sadaka na bila mwajiri wa kumuuliza. Hao ndio waliokuwa wakitarajiwa kuwafariji wengine.

Lakini lipo moja la nyumbani linalotuuma kuliko yote, nalo ni la mjane. Nyumba anayokaa mchungaji ni ya usharika. Akifa kazini, mchungaji mwingine atapangwa, naye anahitaji nyumba hiyo. Mama aliyeipaka chokaa, akapanda miti ya uani, akapikia wageni wa Dayosisi kwa miaka ishirini, anatakiwa afungashe vyombo na watoto wake wakati matanga hayajapoa vizuri. Kama marehemu hakuwahi kujenga, anakwenda wapi? Hatusemi kanisa lina moyo mbaya. Tunasema hakuna aliyekaa mapema akaandika kwamba mjane atakaa muda gani, na fungu gani litamsaidia kupanga chumba.

Sisi wa ughaibuni tunahusika hapa moja kwa moja. Tunapochanga kwa ajili ya kanisa tulikobatizwa, tunachanga bati, vigae, kinanda, vipaza sauti, kwa kuwa vitu hivyo vinapigwa picha na jina la mchangaji linasomwa. Mara ngapi kundi la wazaliwa wa kijiji fulani limechangia bima ya afya ya mchungaji wake na watoto? Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya iliachana na NHIF na kuanza SHA Oktoba 2024. Nchi zote mbili mtu asiye na mshahara wa kueleweka bado anapaswa kuutafuta mchango wake mwenyewe. Huo ni mchango ambao watu kumi wenye kazi hapa Marekani wanaweza kuulipa bila kuuhisi mfukoni.

Tunajua jibu litakalokuja. Msomaji atatuuliza: ninyi mnazungumzia wachungaji gani? Wale wenye magari ya kifahari, walinzi na mafuta ya upako ya kuuza? Na baada ya Shakahola, kule Kilifi, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa, mnataka tumwongezee mchungaji mamlaka?

Swali ni la haki. Lakini litazame vizuri. Mchungaji anayejitajirisha na yule anayelala njaa wana jambo moja linalowaunganisha: hakuna kati yao ambaye mshahara wake umeandikwa. Mmoja anachukua atakacho kwa sababu hakuna anayehesabu. Mwingine anakosa kwa sababu hiyo hiyo. Usharika wenye mtunza hazina anayesoma hesabu hadharani, wenye kiwango cha mshahara kinachojulikana na baraza la wazee lenye uwezo wa kumwambia mchungaji hapana, ni vigumu sana kumtengeneza tajiri wa sadaka. Ni vigumu pia kumwacha mtu afe na presha kwa kukosa dawa. Tena, mtumishi asiyewadai waumini wake chochote kwa siri hana sababu ya kumwogopa mwenye fedha aliyekaa kiti cha mbele. Hilo nalo ni la kufikiriwa na wanaolalamika kwamba mahubiri yamelegea.

Jibu la pili ni la wacha Mungu: mtumishi atalipwa mbinguni, mbona Paulo alishona mahema? Alishona, ni kweli. Lakini katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, Paulo anatetea kwa urefu haki ya mhubiri kuishi kwa kazi ya kuhubiri, akitoa mifano ya askari, mkulima na mchunga kondoo, kisha ndipo anasema yeye mwenyewe ameamua kutoitumia haki hiyo. Aliamua yeye. Si baraza la wazee wa Korintho lililomwamulia. Wazee wetu wa kanisa wanayapenda sana mahema, sura ya 9 wanairuka.

Mshahara peke yake hautoshi lakini. Mwezi Agosti 2018 Andrew Stoecklein, mchungaji kijana wa kanisa kubwa huko Chino, California, alijitoa uhai akiwa na miaka 30. Alikuwa ametoka kwenye mapumziko na kurudi kazini si muda mrefu. Septemba 2019, katika jimbo hilo hilo, alifuata Jarrid Wilson, naye wa miaka 30, ambaye pamoja na mkewe walikuwa wameanzisha shirika la kuwasaidia watu wenye sonona. Wote wawili waliacha wajane na watoto wadogo. Makanisa yao hayakuwa maskini, wala watu hawakuwachukia. Ugonjwa huu hauangalii cheo, na kwa mchungaji una mwanya wa ziada, kwa kuwa anayesikiliza siri za watu wote mara nyingi hana wa kumpa yake. Kwetu sisi anayethubutu kusema ataambiwa aongeze maombi, au atatafutiwa pepo. Tungependa wanaosema hivyo wamsome tena Elia, pale jangwani alipoomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena.

Kwa hiyo karatasi tunayoizungumzia iwe na mahali pa usingizi. Mchungaji awe na siku moja ya juma ambayo simu ya usharika inashikwa na mzee wa zamu, na kila muumini ajue hivyo, hata yule anayeamini kwamba jambo lake haliwezi kungoja. Awe na likizo ya mwaka anayoondoka mjini, maana akibaki nyumbani si likizo. Awe na mtu mmoja wa nje ya usharika, mchungaji mstaafu wa dhehebu lingine au mshauri mwenye taaluma, ambaye kanisa linamlipa na halimuulizi walizungumza nini. Mke naye awe na wake. Kazi ya kutafsiri hospitalini na kwenye ofisi za Uhamiaji igawanywe kwa vijana wetu waliosoma hapa, ambao Kiingereza chao ni kizuri kuliko cha mchungaji na muda wanao. Hospitali nyingi za hapa zinatakiwa kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo. Ni haki ya kuidai kabla ya kumwamsha mtu usiku. Na hata mchungaji mwenyewe, usiku anapoona giza limemzidi, namba 988 inapokea simu kutoka kokote Marekani saa zote.

Musa mwenyewe hakugundua kwamba anakwisha. Aliyeona ni mkwewe Yethro, mgeni aliyekuja kutembea, akamkuta ameketi tangu asubuhi hadi jioni watu wamemzunguka, akamwambia hataweza peke yake, agawe kazi. Tunaomba wageni wa aina hiyo wawe wengi: maaskofu wanaokuja kutoka nyumbani kutembelea sharika zetu waache kupokelewa tu kwa vigelegele, waombe kuiona karatasi ya mchungaji, na wasipoionyeshwa waulize kwa nini.

Sharika nyingi hufanya mkutano mkuu wa mwaka Januari au Februari, na ajenda huandaliwa wiki chache kabla. Katibu anayesoma haya aiweke posho, likizo na bima ya familia ya mchungaji iwe ajenda namba moja, juu ya ile ya kununua kinanda kipya, na mchungaji pamoja na mkewe watoke nje ya ukumbi inapojadiliwa ili watu waseme kwa uhuru. Wakiitwa kurudi ndani, wasomewe tarakimu.